Naombeni ushauri: mtambo mdogo wa kutengeneza jini (gin, kinywaji) nyumbani, nipo New Zealand

Omuhaya_Auckland

Wakuu habari za humu. Kabla hamjanirukia naomba niseme kabisa, mimi nipo Auckland, na huku kupika spiriti (pombe kali) nyumbani kwa ajili ya kunywa mwenyewe ni halali tangu 1996, kosa ni kuuza. Ndo maana maduka ya vifaa vya bia yanauza mitambo wazi wazi kama yanavyouza blenda.

Sasa nimekwama kwenye kuchagua. Dukani wamenionesha aina tatu. Ya kwanza ni Air Still ya Still Spirits, lita 4, ya umeme, inapozwa na feni kwa hiyo haitaki maji. Ya pili T500, boila la lita 25 na mnara mrefu juu yake, hii lazima uunganishe bomba la maji. Ya tatu ni alembiki ya shaba kutoka Ureno, lita 10, ile yenye kichwa kama kitunguu, unaweka juu ya jiko. Wife anaitaka hiyo ya shaba, anasema hata isipopika chochote itapendeza juu ya kabati.

Mimi nataka jini tu, wiski sina habari nayo. Nyumba ni ya kupanga na jiko ni dogo. Je shaba ni lazima? Lita ngapi zinatosha mtu mmoja na wageni wa wikiendi? Na hizi za mtandaoni za bei chee, ndoo mbili za stenlesi na koili katikati, zina shida gani? Bibi yangu Bukoba alikua anapika ya ndizi lakini watoto tulikua tunafukuzwa kabla hata moto haujawashwa kwa hiyo msinichukulie najua kitu.

Mlevi_Mstaarabu

Mkuu karibu kwenye chama, mimi nipo Hamilton kwa hiyo tuko sheria moja.

Hapo umeuliza swali la pili kabla ya la kwanza. Swali la kwanza ni hili: pombe safi isiyo na ladha utaitoa wapi? Jini ni spiriti safi iliyopikwa tena pamoja na jinipa, zile beri zinazoipa jini harufu yake, na viungo vingine, basi. Wenzetu wa viwandani wengi wao hawachachushi chochote, wananunua spiriti tayari kwenye matangi, kazi yao inaanzia kwenye viungo. Sasa wewe huku ukienda kununua spiriti safi dukani unalipa ushuru wote wa serikali ndani yake, jini yako itakuja kuwa ghali kuliko ya supamaketi. Kwa hiyo mtu wa nyumbani inabidi apike mara mbili, mara ya kwanza kupata spiriti, mara ya pili kupata jini, na hizo ni kazi mbili tofauti zinazotaka vichwa viwili tofauti vya mtambo.

Kazi ya kwanza inataka mnara. Ule mnara wa T500 ndani yake mvuke unapanda unapoa unarudi chini unapanda tena, mara nyingi nyingi, mpaka kinachotoka juu ni asilimia 90 na kitu, hakina ladha ya sukari wala hamira. Sukari kilo 6 kwenye lita 25 inakupa pombe ya asilimia 14 hivi, ukiipitisha hapo unapata spiriti ya kutosha jini ya miezi. Kazi ya pili ni kinyume kabisa, hutaki mnara hata kidogo, maana ule mnara utasafisha na harufu ya jinipa uliyoitia. Pale unataka chungu cha kawaida na bomba, mvuke upande mara moja ushuke na harufu zake.

Ushauri wangu nunua boila la T500 na mnara wake, afu baadae ununue kile kichwa cha shaba cha alembiki kinachokaa juu ya boila hilo hilo. Unabadilisha kichwa tu. Wife apate shaba yake na wewe upate mnara wako hahaha.

Air Still sio mbaya, nisiiseme vibaya, ila ukiwa nayo peke yake shida ni kwenye spiriti, inapika mara moja bila mnara kwa hiyo unatoa kitu kina harufu ya hamira, inabidi uchuje na mkaa na bado pua inajua. Kwa kazi ya pili tu hapo iko vizuri, spiriti yako unaishusha kwa maji mpaka asilimia 30 hivi, lita 4, viungo ndani, unapata chupa 3 za jini ya asilimia 42. Kwa mtu mmoja na wageni wa wikiendi hizo zinatosha, labda wageni wako wawe ni wa Bukoba.

FundiGerezani

Mimi nitajibu hapo kwenye shaba na hizo za bei chee, habari za ladha nawaachia wanywaji.

Shaba kazi yake ni kukamata harufu ya salfa, ile ya yai viza inayotokana na hamira. Ukiwa unapika kutoka kwenye kilichochachuka shaba inasaidia kweli. Ila ukiwa umeshapata spiriti safi na unapika mara ya pili, salfa imeshabaki nyuma, kwa hiyo stenlesi haina shida. Aliyekwambia jini bila shaba sio jini ana shaba ya kuuza.

Kwenye zile za mtandaoni usiangalie ndoo, ndoo zote zinafanana, angalia maungio. Geuza kifuniko uone kimelehemiwa na nini. Lehemu ya kawaida ya mafundi wa redio ina risasi ndani yake, na mvuke wa pombe unaivuta taratibu, huioni wala huionji. Inatakiwa lehemu ya fedha au isiyo na risasi au iwe imechomelewa stenlesi kwa stenlesi. Halafu angalia mipira ya kuzibia, zingine wanaweka raba ya rangi ya ajabu, ikipata moto na spiriti kali inalainika inatoa harufu na hiyo harufu inaingia kwenye chupa. Bomba la plastiki popote pale mvuke wa moto unapopita, kataa. Na koili ikiwa nyembamba sana kama mrija wa soda, hiyo ikizibwa na kipande cha ganda la limau umetengeneza bomu jikoni. Mtambo lazima uwe na njia wazi mwanzo mpaka mwisho, sio koki wala kizibo njiani.

Alembiki ya Ureno ya asili sehemu zinakaa tu zimepachikana na unaziba na donge la unga wa ngano au rai, mvuke ukizidi donge linaachia. Watu wanacheka lakini wazee waliofikiria hivyo hawakua wajinga.

Usafi wa mara ya kwanza: chemsha maji na siki nusu kwa nusu yapite mtambo mzima, afu pitisha pombe yoyote ya bei rahisi na uimwage yote. Mafuta ya kiwandani yanakua yamebaki kwenye chuma.

Kamau_wa_Nyeri

Niaje wakubwa. Nyinyi mnaongea hivi kama mchezo, huku kwetu watu walikufa. Mukuru, Nairobi, mwaka 2000, pombe haramu iliua watu zaidi ya mia, wengine wakapofuka. Mnajuaje hiyo ya kwanza kutoka sio ile sumu? Na swali la pili, huku kwetu mitarakwa imejaa, na ni jinipa kabisa kwa ukoo, zile beri zake zinaweza kutumika?

Mlevi_Mstaarabu

@Kamau pole sana, hilo jambo sio la kupita juu juu. Ila tutofautishe. Wale waliuliwa na methanoli (pombe ya sumu) ya kiwandani iliyochanganywa makusudi ili pombe iongezeke na iwe kali, sio na kilichochachuka. Sukari na hamira vinatoa methanoli kidogo sana kiasi cha kutohesabika, matunda yenye pektini, kile kinachogandisha jamu, yanatoa nyingi kuliko hiyo kwa kiasi kidogo. Na uongo mmoja unaozunguka ni kwamba methanoli inachemka nyuzi 64.7 na ethanoli, ile tunayokunywa, nyuzi 78.4 kwa hiyo ukimwaga ya kwanza sumu yote imeisha. Haiko hivyo, zikiwa zimechanganyika zinatoka pamoja mwanzo mpaka mwisho, mtambo mdogo hauwezi kuzitenganisha. Maana yake ukinunua spiriti ya magendo usiyojua ilipotoka, hakuna mtambo utakaokuokoa. Ya kwanza tunaimwaga kwa sababu ina harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ya asetoni, na inaharibu ladha.

Kwa mtarakwa sikushauri. Jinipa ya kwenye jini ni aina moja, Juniperus communis, na ndugu zake wengine sio wote wa kuliwa, kuna mmoja wa Ulaya anaitwa Juniperus sabina ni sumu kabisa. Mtarakwa ni Juniperus procera, achia mbao na nguzo za uzio. Beri zilizokaushwa zinauzwa kwenye maduka ya viungo Nairobi, za Wahindi hasa.

Kijana_wa_Temeke

Nyie mnaoruhusiwa kupikeni. Sisi Bongo huku kuna sheria ya moshi (yaani gongo) ya 1966, bila leseni ukikutwa na hata sufuria yenye bomba unaenda kulala kituoni na picha yako inapigwa pembeni ya mtambo. Mimi nachukua vodka ya dukani, natia jinipa na giligilani na ganda la chungwa kwenye chupa, siku mbili nachuja. Inakua ya njano njano lakini ni jini. Sio nzuri kama yenu ila simuogopi mtu.

BintiWawi

Kijana hiyo yako inaitwa ya kulowekwa na ina heshima yake, usijidharau.

Mimi si mnywaji, naingia humu kwa sababu ya mvuke. Nimekulia Pemba karibu na kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) pale Wawi, mafuta ya karafuu yanatolewa kwa mvuke huo huo mnaousema, kwa hiyo harufu naijua. Mtoa mada, utakapochagua mtambo angalia kama una sehemu ya kuweka kikapu juu ya maji, sio viungo vyote ndani tu. Kuna njia mbili. Wale wa jini ya Beefeater wanaloweka viungo ndani ya spiriti masaa 24 kabla ya kuwasha, inatoka nzito, ya kujaa mdomo. Bombay Sapphire wao viungo vinakaa kwenye kikapu juu, mvuke unapita katikati, inatoka nyepesi ya maua. Maganda ya limau na iliki mimi ningeweka kwenye kikapu, jinipa na giligilani ningeloweka. Kikapu kinazuia pia ganda kuungua kwenye elementi ya umeme, ikiungua tu basi chungu kizima kina harufu ya moshi na haitoki.

Na msiibebeshe viungo vingi. Tanqueray ana vinne tu, jinipa, giligilani, mzizi wa anjelika na likorisi. Anza gramu 20 za jinipa kwa lita, giligilani nusu yake, anjelika gramu moja au mbili. Karafuu za kwetu ni moto, ukitia punje tano kwenye lita umetengeneza dawa ya meno.

Omuhaya_Auckland

Aisee asanteni, nimesoma yote mara mbili. Nimeshaamua, boila la T500 na mnara kwanza, kichwa cha shaba mwezi ujao mshahara ukiingia. Ndoo za mtandaoni nimeachana nazo, nilienda kuangalia moja kwa jamaa nikageuza kifuniko kama alivyosema fundi, lehemu ya kijivu imemwagika kama uji na bomba lenyewe unaweza kuliziba kwa kidole kidogo.

Mawili yamebaki. Jiko letu ni la gesi, naweza kutumia hilo badala ya umeme? Na jamaa huyo huyo jini yake akitia maji inageuka nyeupe kama tui, hiyo imeharibika?

FundiGerezani

Gesi hapana, ndani ya nyumba hapana kabisa. Mvuke wa pombe ni mzito kuliko hewa, ukivuja unashuka unatambaa chini mpaka unakuta moto. Boila lako lina elementi yake ndani, tumia hiyo, soketi ya ukutani moja kwa moja sio ekstensheni, dirisha wazi, chupa ya kupokelea iwe ya glasi na iwe mbali na boila, na usiondoke kwenda dukani. Hata ile alembiki ya shaba ukija kuipata uiweke kwenye jiko la umeme la kawaida, la indaksheni haliioni shaba.

BintiWawi

Ile nyeupe sio kuharibika. Ni mafuta ya jinipa yamekua mengi kuliko pombe inavyoweza kuyabeba, ukitia maji yanajitenga, kama makonyo yanavyofanya. Inanyweka. Akitaka iwe wazi aongeze spiriti safi kidogo kidogo mpaka iwe angavu, na mara nyingine apunguze jinipa au aache kukusanya mapema. Mwambie anuse kwenye kijiko kila baada ya dakika chache, mwanzo ni limau na jinipa, katikati giligilani na viungo, na ikianza kunuka kama majani ya chai yaliyochemshwa mara ya tatu hapo afunge, hata kama kipimo bado kinasoma asilimia 60. Afu aache wiki mbili kabla ya kuonja, ikiwa mpya inakua kali ya kupiga kelele.

Mlevi_Mstaarabu

Na ununue kile kipimo cha glasi cha asilimia, cha spiriti sio cha bia, vinafanana sana na wa dukani wenyewe huwa wanachanganya. Kinasoma sawa kwenye nyuzi 20, kwa hiyo ikitoka ya moto iache ipoe ndo upime. Ukifika hatua ya kuonja nipigie, Hamilton sio mbali.