MJADALA: Mtu yuko kwenye methadone, aachishwe na sigara au aachwe avute?

Mleta mada:
Wakuu, mdogo wangu yuko kwenye methadone, ile dawa ya kumsaidia mtu aache unga (heroini), arosto ya kukosa unga imeisha, anakula, analala nyumbani, namshukuru Mungu. Ila sigara sasa! Anakunywa dozi dirishani mbele ya nesi, akitoka getini tu kuna jamaa anauza sigara moja moja, hapo hapo anawasha, na wenzake wamejipanga ukutani wanavuta. Nikilalamika naambiwa si bora sigara kuliko unga. Mi nakataa. Muhimbili walianza kutoa methadone 2011, watu kibao wameokoka wasife na unga, leo tuwaangalie wakifa na mapafu? WHO wanasema sigara inaua hadi nusu ya wavutaji wasioacha, na hawa wengi wana virusi vya Ukimwi, wengine wameshaugua TB. Mtu anakuja kliniki kila siku, kwa nini asisaidiwe na hilo hapo hapo?

Mchangiaji 1:
Mkuu unaongea kirahisi kwa sababu hujawahi kuwa teja. Mimi nimevuta kokteli, unga na bangi na tumbaku humo humo, nilipoacha unga sigara ndo iliyonishikilia. Ukininyima vyote kwa mpigo narudi maskani.

Mleta mada:
Pole kaka, nakuelewa. Ila kokteli umeitaja mwenyewe, tumbaku ilikuwemo, sasa kila ukiwasha si mwili unakumbushwa? Kuna watafiti Marekani walijumlisha tafiti kadhaa wakachapisha 2004, waliosaidiwa kuacha sigara wakiwa kwenye tiba ya ulevi, uwezekano wao wa kukaa bila pombe na dawa za kulevya ulipanda kwa 25%. Kwa hiyo hii habari ya kwamba akiacha sigara ataanguka haina mashiko.

Mchangiaji 2:
Mnabishana na dawa yenyewe iko wapi? Viraka vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi viko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2009, vidonge vya kuacha sigara, bupropion na varenicline, wameviongeza 2021, lakini nenda duka la dawa mtaani kwetu uulize, wanakushangaa. Methadone bure, kiraka ununue mwenyewe, teja anayeanza maisha hela atoe wapi? Pigeni kelele hapo kwanza.

Mchangiaji 1:
Kiraka cha bure sikatai. Ila asilazimishwe mtu, akibanwa atakacha kliniki na methadone yenyewe aikose. Waanze na wanaotaka, maana mimi toka nianze dozi sijawahi hata kuulizwa kama nataka kuacha.