Anafaa kuongoza kuliko sisi sote hapa shuleni, lakini anasema "Madamu, niache nifundishe tu"

Madamu wa Mwambao
Habarini walimu. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi mwambao wa kusini, wilaya ya Uvinza, ng'ambo ya Malagarasi. Mtandao kwetu mpaka upande kilimani, kwa hiyo nikichelewa kujibu mnivumilie.

Nina mwalimu wa kike, kijana, kasomea ualimu chuo cha Kabanga. Anafundisha hisabati la sita na la saba. Msimu wa giza, mwezi usipoonekana, watoto wa kiume wanakesha ziwani kwenye uvuvi wa dagaa, asubuhi darasa linabaki nusu, na hao waliopo wanasinzia. Huyu binti alishuka mwaloni mwenyewe, hakutumwa na mtu, akazungumza na wenye mitumbwi mmoja mmoja, akarudi na orodha ya nani anamchukua mtoto wa nani. Wengine wetu tulikuwa tunalalamika ofisini tu. Angekuwa mwanamume, cheo kingekuwa kimeshamfuata.

Sasa mwalimu wa taaluma, yule anayesimamia masomo na mitihani, anahamia Kibondo. Nikamwambia binti achukue nafasi. Kakataa. Ana mtoto wa miezi mitano, mume yuko Kigoma mjini, na anasema walimu wazee hawatamsikiliza. Kisha akaongeza: "Na wewe Madamu tunakuona unavyohangaika na FFARS usiku na tochi ya simu." FFARS ndio ule mfumo tunaoingizia hesabu za fedha za shule. Hapo sikuwa na jibu.

Nikamtajia Profesa Ndalichako, mtu wa Kasulu, kaongoza Baraza la Mitihani, kawa waziri wa elimu. Akacheka. "Yule kasoma mpaka Kanada, Madamu. Mimi nimefika Kabanga."

Kata nzima walimu wakuu wanawake tuko wawili, na wote tunakaribia kustaafu. Nyie wenzangu mnawalea vipi mabinti kama huyu?

Chaki ya Buhigwe
Asiyetaka cheo aachwe. Uongozi wa kusukumwa huzaa mwalimu mkuu wa kujificha ofisini. Mpe mwingine, maisha yaendelee.

Bibi Mstaafu, Ujiji
Marahaba kwa walioniamkia na wasioniamkia. Mimi nimestaafu, sasa hivi nauza mawese, ila shule haijanitoka mwilini.

Mwanangu wa Mwambao, umeanza na cheo. Cheo kiweke kando kwanza. Mpe kazi ya cheo, kidogo kidogo, wewe ukiwa bado upo hapo pembeni.

Anza na fedha. Sisemi hivyo kwa kupenda fedha. Angalia shule nyingi: mwalimu wa kike anapewa malezi, usafi, chakula cha wageni siku ya ukaguzi, na kila mtu anamsifu. Kitabu cha fedha hakigusi mpaka siku anayoteuliwa. Hapo lazima aogope, maana makaratasi yale hajawahi kuyaona. Enzi zangu ruzuku ya serikali kwa shule ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ilibaki juu kwa ajili ya vitabu. Ikiingia, nilikuwa namwita binti mmoja, tunakaa na daftari la kawaida, tunagawa: mitihani hii, chaki hii, ukarabati wa vyoo huu. Siku moja akaniuliza kwa nini fundi wa madawati kalipwa kabla kamati haijayaona madawati. Swali kama hilo ukilisikia, ujue mtu wako amepatikana. Huyo leo ni mwalimu mkuu, na mafundi wa eneo lake wanamjua vizuri!

Halafu kamati ya shule. Wewe ndiye katibu wake. Mwite aandike muhtasari. Kikao kinachofuata ausome yeye. Kikao cha tatu ajenda ya mahudhurio ni yake, aieleze ile orodha ya mwaloni kwa mdomo wake, na wewe unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Mzee atamruka binti akuulize wewe, "Ati mwalimu mkuu, hili likoje?" Usijibu. Mgeukie binti, umngoje. Mzee akirudia, wewe mwangalie binti vilevile. Kikao kitakuwa kizito kidogo, lakini hakuna aliyekufa kwa hilo.

Suala la mtoto wala si kisingizio, tena lina sheria. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, 100 wakiwa mapacha, na akirudi anastahili muda wa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi. Kama vikao vyako vya walimu ni saa kumi jioni, ni wewe unayemfungia mlango. Sogeza saa nne asubuhi.

Na ile tochi. Mwanangu, wewe ndiye tangazo la kazi hii, na tangazo lako halivutii. Ingiza taarifa mchana, mtandao ukisumbua panda kilima ukiwa na mwenzako. Akuone ukifunga ofisi jua likiwa juu.

Mwl wa Kasulu
Shikamoo Bibi. Nami niongeze kutoka upande wa aliyelelewa, maana sasa hivi ni mwalimu mkuu msaidizi.

Aliyenilea hakuwahi kunihutubia kuhusu mwanamke na uongozi. Alichofanya, tulipopeleka taarifa halmashauri, aliwaambia maofisa mbele yangu, "Hii kaiandaa huyu, maswali muulizeni yeye." Nilitetemeka. Lakini kuanzia siku ile jina langu likajulikana, na nafasi zilipotokea kuna mtu alilikumbuka. Kwa hiyo Madamu, safari ijayo ya kupeleka taarifa msafiri wote.

Jambo jingine ni vikao vya MEWAKA vya kata, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini. Mpe aongoze somo la sehemu na desimali. Kule hatasimama kama "binti mdogo anayetaka ukubwa", atasimama kama mtu anayejua jambo ambalo wale wazee wenyewe linawasumbua darasani. Watamsikiliza kwa sababu wanalihitaji. Heshima ya hisabati ikishaingia, ya taaluma haina kesi tena.

Ila tahadhari: mlezi asigeuke mama mkwe. Nina rafiki aliyelelewa vizuri kabisa, akateuliwa, kisha mlezi wake akawa anapiga simu kila jioni kumuuliza kaamua nini na kwa nini. Mwishowe simu hazipokelewi.

Chaki ya Buhigwe
Sawa, nimesoma. Lakini mbona vijana wa kiume hawalelewi hivi? Huu si upendeleo?

Bibi Mstaafu, Ujiji
Wanalelewa, mwanangu, tena kuliko wote. Jioni mnakaa kwenye bao na mwalimu mkuu wenu na afisa elimu kata akipita. Mnaambiana nafasi ipi inafunguka, nani wa kumwona, barua iandikwe vipi. Hamuiti malezi kwa sababu hamjawahi kuyakosa. Saa hizo binti anaogesha mtoto.

Chaki ya Buhigwe
Hapo kwenye bao umenishika, Bibi.

Madamu wa Mwambao
Nimepanda kilimani kuwasoma. Ahsanteni sana. Vikao nimeshahamishia asubuhi, mwanamume mmoja kanuna, atazoea. Binti nimemwomba anisaidie kugawa ruzuku ikiingia, na hajakataa, kauliza tu kama aje na mtoto. Nimemwambia aje naye.

Bibi, swali la mwisho: ofisi ya kata inataka jina la mwalimu wa taaluma Ijumaa. Niandike nani?

Bibi Mstaafu, Ujiji
Kama bado hajakubali, usimwandike kwa kumshtukiza. Weka mwenye uzoefu akaimu, na muulize binti kama yuko tayari kuwa msaidizi wa taaluma. Akisema ndiyo, mpe kwa barua, si kwa mdomo. Barua yenye tarehe, sahihi na mhuri, nakala moja iingie kwenye jalada lake. Wanawake wengi wamefanya kazi za uongozi miaka na miaka bila karatasi, na siku ofisi inatafuta watu wenye uzoefu majalada yao yanafunguliwa hayana kitu. Na huyo anayekaimu mwambie mapema kwamba ratiba ya mitihani ya majaribio ataipanga na msaidizi wake, asije akamfanya mpiga chapa.