Naomba ushauri: uzio wa maua wa mita 20 unaokua haraka

UpandeWazi:
Wakuu, habari za leo. Uwanja wa nyumba yangu uko wazi upande mmoja wenye urefu wa mita 20, nami ninataka kuupandia uzio wa mimea ya maua inayokua haraka, inayobaki na majani mwaka mzima na inayovumilia ukame. Nimebakiwa na mimea mitatu ya kuchagua: oleanda, fikasi na bogenvilia. Naomba mnisaidie kabla ya keshokutwa asubuhi, kwa kuwa mtu wa kuchimba mtaro ameshaanza kazi. Usingizi umenipaa kwa jambo hili.

MpendaMaua:
Ndugu, chukua bogenvilia bila kusita. Watu wengi hawajui kwamba kile wanachokiita ua lake si ua. Chuma kishada kimoja ukiweke kiganjani: utaona majani matatu ya rangi, mepesi kama karatasi, na ndani yake vijiua vitatu vyeupe, vyembamba kama njiti za kiberiti, kila kimoja kimejishikiza kwenye jani lake. Jina limetokana na baharia Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, aliyeizunguka dunia kati ya mwaka 1766 na 1769, na ni mtaalamu wa mimea wa msafara huo, Philibert Commerson, aliyeukusanya mmea huu huko Brazil. Uhai wake ni jua na kiu. Ukiumwagilia kila siku hukupa majani matupu. Ukiuacha udongo ukauke kidogo, ndipo rangi inapotoka. Wangu wa zambarau umefika paani, na kila nikirudi kazini husimama kuutazama kabla ya kuingia ndani.

FundiBomba:
Mimi nitazungumzia mizizi. Niliitwa kuzibua bomba la maji taka katika nyumba iliyokuwa na safu nzuri ya fikasi, nikavuta kutoka ndani ya bomba fundo la mizizi myembamba lenye urefu wa mkono wangu, mfano wa mkia wa farasi. Mizizi ile huingilia penye maungio yanayovuja, ikifuata unyevu, kisha hunenepa humo humo. Ndugu, kama kuna bomba au msingi wa ukuta karibu na mtaro wako, fikasi iondoe kwenye orodha.

MamaKitalu:
Mwanangu, nimeotesha miche kwa miaka mingi, na sijaona mti wenye haraka ya keshokutwa. Kabla ya kukuchagulia, nataka kujua nani anautumia uwanja huo. Kuna watoto, mifugo, mgonjwa? Oleanda ni sumu kuanzia mzizi hadi ua, na katika maelezo yako sikuona neno hata moja kuhusu jambo hilo.

UpandeWazi:
Shikamoo Mama. Niseme ukweli kwamba miche 40 ya oleanda nimeshainunua, imo kwenye viriba vyake kando ya mtaro, na nimekusudia kuipanda kwa nafasi ya sentimita 30. Sina watoto wadogo wala mifugo. Habari za sumu ninazijua, lakini bustani nyingi zina mimea yenye sumu na watu wanaishi nayo, tena majani yake ni machungu, nani atayatafuna? Inastahimili ukame, inapogolewa bila taabu, na maua yake ya waridi yanapendwa sana hapa nyumbani.

MwalimuMstaafu:
Umeomba ushauri ukiwa umeshanunua. Hapo unatafuta mashahidi, ndugu yangu, na wanaokusoma wanatumia muda wao kukufikiria. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mwanafunzi wangu mmoja alijenga kwanza, kisha ndipo akaja kuniuliza kama kiwanja kile kilikuwa kinafaa.

HesabuKwanza:
Samahanini, mimi nina shaka na uzi mzima. Mita 20 kwa nafasi ya sentimita 30 zinahitaji miche 67 hivi, ilhali miche 40 inatosha mita 12 tu. Mtu aliyekosa usingizi kwa ajili ya uzio hawezi kukosea hesabu kama hiyo wakati wa kununua. Nadhani hakuna uwanja wala mtaro. Huyu ni muuzaji wa miche anayetaka tuisifie oleanda.

MpendaMaua:
Nami naanza kuona hivyo. Ni haki yetu kuambiwa kama tunajibu hadithi ya kutunga, maana nimeandika kwa moyo wangu wote.

UpandeWazi:
Sikukosea hesabu, nanyi mmenilazimisha kusema nililolificha. Mita 8 nimeziacha kwa makusudi, kwa sababu hapo pana benchi la mama yangu mzazi. Amepatwa na maradhi ya kusahau, na siku hizi ananiita kwa jina la kaka yake. Akikaa pale huchuma jani lolote lililo karibu, hulikunja taratibu kwa vidole viwili kama aliyekuwa akikunja ukili zamani, kisha huliweka mdomoni. Wiki iliyopita alitoka alfajiri kupitia upande huo ulio wazi, akarudishwa na wapita njia. Ndiyo haraka yangu. Maua ya waridi ni yeye anayeyapenda, na nilijipa moyo kwamba mita 8 zinatosha kumweka mbali na majani yale. Sikutaka kumwanika mama yangu mbele ya watu.

HesabuKwanza:
Nisamehe, ndugu. Mungu amjalie nafuu.

MamaKitalu:
Pole sana mwanangu. Mita 8 hazitoshi, kwa sababu mama anatembea, na majani makavu ya oleanda yanayopeperushwa hadi kwenye benchi bado yana sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Uchungu nao haumzuii mtu aliyesahau maana ya uchungu. Bogenvilia ina miiba iliyopinda itakayomchana mikono, na fikasi ina utomvu unaowasha ngozi, achilia mbali mabomba. Kwa hiyo hakuna hata mmoja kati ya mitatu yako unaomfaa.

Jambo la pili ni kwamba hakuna mche utakaomzuia mtu kutoka mwaka huu. Weka wavu wa waya sasa, kisha panda hibiskasi mbele yake kwa nafasi ya sentimita 60, miche kama 34 kwa urefu wote. Vipando vya sentimita 15 hushika mizizi kwa urahisi, ila utalazimika kuvimwagilia msimu wa kwanza. Ua lake hufunguka asubuhi na kwa kawaida hunyauka baada ya siku moja, lakini mengine hufuata, na yapo ya waridi. Karibu na benchi tambaza asumini kwenye wavu, kwa sababu harufu yake humfikia mtu hata pale majina yanapompotea. Hakikisha ni asumini yenyewe, maana ipo mimea mingine inayouzwa kwa jina hilo na baadhi yake ni sumu. Hata hivyo asizoee kutafuna chochote. Mwelezeni daktari wake tabia hiyo.

UpandeWazi:
Nimekuelewa Mama, ingawa inaniuma, kwa kuwa aliyeniuzia hapokei miche iliyorudishwa. Je, niichome moto?

FundiBomba:
Usiichome, ndugu! Moshi wake nao una sumu. Vaa glavu, ifukie mbali na hapo, kisha nawa mikono. Kazi ya kutandaza wavu naijua, nitakueleza namna ya kusimamisha nguzo.

UpandeWazi:
Ahsanteni. Viriba vyote 40 nimevifungia stoo na ufunguo ninao mfukoni. Mama yuko kwenye benchi, ameshika karatasi ya jina la mche iliyodondoka kwenye kiriba, naye anaikunja. Nakwenda kuichukua.