Saibapanki imegeuzwa pambo la kuuzia programu zinazotupeleleza

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Saibapanki, aina ya hadithi za kubuni za kisayansi, ilichipuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikiwa onyo kuhusu kampuni zenye nguvu kuliko serikali, kuhusu mashine zinazomfahamu mtu kuliko anavyofahamiwa na jirani zake, na kuhusu mtu wa chini anayelazimika kujifunza mbinu za kujinusuru. Leo onyo lenyewe limetupwa na yamebaki mapambo: taa za waridi na samawati, mvua ya usiku, na mtu asiyeonekana uso aliyejifunika kofia ya sweta. Mapambo hayohayo ndiyo yanayotumiwa kuuzia programu zinazofanya kila kitu tulichoonywa, na sisi tunaojiita mashabiki ndio tunaosambaza viungo vyake bila hata kuuliza zinakusanya nini.

Kilichonifikisha hapa ni programu moja ya mazungumzo ambayo inanadiwa kila pembe ya ulimwengu wa saibapanki kuwa ni kimbilio la watu wasiotaka kufuatiliwa. Jina lake silitaji, kwa sababu ningeweza kuliondoa nikaweka jingine na malalamiko yakabaki yaleyale. Unapoifungua kwa mara ya kwanza, kitufe cha kukubali masharti kinameremeta katikati ya skrini kwa rangi ya waridi, ilhali njia ya kukataa ni mstari mmoja wa maandishi ya kijivu juu ya usuli mweusi, chini kabisa, na ukiugusa unapelekwa kwenye orodha ndefu ya "washirika wa matangazo" ambao kila mmoja sharti umzime peke yake. Kisha inaomba orodha yako ya namba za simu, na ukiinyima baadhi ya sehemu zake hazifunguki. Kisha inaomba kujua mahali ulipo, hata wakati ambapo huitumii. Programu ya kutumiana maandishi inataka kujua nilipolala kwa sababu gani?

Niliamua kufuta akaunti, na hapo ndipo kioja chenyewe kilipoanza. Kufungua akaunti kulidai anwani ya barua pepe tu, nami nilijiandikisha kwa jina la kubuni, kama programu yenyewe inavyowahimiza watumiaji wake wafanye. Kuifunga kulidai picha ya kitambulisho changu, mbele na nyuma, pamoja na video fupi nikigeuza uso kushoto na kulia, eti kwa ajili ya usalama wangu. Nawauliza wenye akili timamu: kitambulisho hicho wangekilinganisha na nini, ikiwa hawajawahi kulijua jina langu wala kuuona uso wangu? Hakuna wanachothibitisha. Wanamdai anayeondoka awaachie kile alichofanikiwa kuwanyima muda wote aliokuwa ndani. Niliwaandikia kwamba naweza kuthibitisha umiliki kwa kubofya kiungo watakachotuma kwenye barua pepe ileile niliyojiandikishia. Likarudi jibu la mashine, likinishukuru kwa kuijali faragha yangu na kunielekeza tena kwenye fomu ya kupakia kitambulisho. Sheria ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Mei 2018, inataka taarifa zinazokusanywa zisizidi zile zinazohitajika kwa kazi husika, na inataka kuondoa ridhaa kuwe rahisi sawasawa na kuitoa. Programu hii imeitaja sheria hiyo kwa heshima zote kwenye ukurasa wake wa sera, halafu imeivunja kwenye ukurasa unaofuata.

Nilipowaeleza mashabiki wenzangu, baadhi yao waliniuliza nina nini cha kuficha. Swali hilo ningelivumilia kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuyafikiria mambo haya. Kulisikia kutoka kwa mtu ambaye picha yake ya wasifu ni kinyago na kofia ni jambo la kuchosha. Wengine waliitetea programu kwa hoja kwamba ujumbe wake umesimbwa, yaani umegeuzwa fumbo lisilofunguka bila ufunguo, kwa hiyo hakuna anayeweza kuusoma. Sawa, na iwe hivyo. Lakini usimbaji fiche unalinda yaliyoandikwa ndani ya ujumbe; haufichi nani amemwandikia nani, saa ngapi, mara ngapi na akiwa wapi, na hizo ndizo taarifa ambazo programu hii imezing'ang'ania tangu skrini ya kwanza. Michael Hayden, aliyewahi kuyaongoza mashirika ya ujasusi ya Marekani NSA na CIA, alikiri hadharani mwaka 2014 kwamba Marekani huua watu kwa kutegemea metadata, yaani taarifa za aina hiyohiyo zinazohusu mawasiliano bila yaliyomo. Anayedhani kwamba orodha ya namba za simu ni kitu kidogo aitafakari kauli hiyo kabla ya kubonyeza kitufe cha waridi.

Halafu linakuja lile jibu la siku zote: nunua VPN, huduma inayopitisha mawasiliano yako ya intaneti kwenye seva za kampuni nyingine. Nimelichoka jibu hili kwa sababu linatolewa kama dawa ya kila ugonjwa, na mara nyingi anayelitoa ana kiungo cha kujipatia kamisheni. VPN inahamisha uwezo wa kuona mawasiliano yako kutoka kwa mtoa huduma wako wa intaneti na kuupeleka kwa kampuni nyingine, basi. Ina manufaa pale ambapo humwamini mtoa huduma huyo au pale ambapo tovuti zimezuiwa, na sitambeza anayeitumia kwa sababu hizo. Haizuii programu kunakili namba zako. Haikufichi ukishaingia kwenye akaunti yenye jina lako. Haizuii kivinjari chako kutambuliwa kwa sifa zake chenyewe, yaani fonti ulizonazo, ukubwa wa skrini, saa za eneo lako na vikorokoro vingine. Utafiti wa shirika la kutetea haki za kidijitali la Electronic Frontier Foundation uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vivinjari vilivyopimwa vilikuwa na mchanganyiko wa sifa usiofanana na wa kingine chochote. Na yale matangazo ya kutisha kwamba mtu aliyekaa meza ya jirani ataiba nywila yako kupitia Wi-Fi ya wazi yanasahau kusema kwamba tovuti nyingi siku hizi zinatumia HTTPS, njia ya kusimba mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti, hivyo nywila inatoka kwenye kivinjari ikiwa tayari imesimbwa.

Kama mtu anafikiri natia chumvi ninaposema kwamba wauza ulinzi ndio wanaotuuza, akumbuke kisa cha Avast. Hiyo ni kampuni ya programu za kuzuia virusi, na watu waliziweka programu zake kwenye kompyuta zao kwa sababu waliahidiwa kwamba zitawakinga na wafuatiliaji. Mwanzoni mwa mwaka 2020 wanahabari walifichua kwamba historia ya kuperuzi ya watumiaji hao, tovuti kwa tovuti na mbofyo kwa mbofyo, ilikuwa ikiuzwa kupitia kampuni yake tanzu iliyoitwa Jumpshot. Avast iliifunga Jumpshot, na mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ikaitaka ilipe dola milioni 16.5 na kuipiga marufuku kuuza data za kuperuzi kwa ajili ya matangazo. Tafakarini mpangilio wa jambo hilo: programu iliyopewa ruhusa ya kuona kila kitu ili itulinde ilikuwa kwenye nafasi nzuri kuliko mwizi yeyote. Mwaka huohuo Google ilikubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu za data ili kumaliza kesi kuhusu hali fiche (Incognito) ya kivinjari chake cha Chrome, ambayo mamilioni ya watu waliamini kwamba inawaficha dhidi ya kila mtu, wakati kwa hakika inawaficha dhidi ya mtu mwingine anayetumia kompyuta ileile. Alama ya hali hiyo, kwa wasioikumbuka, ni kofia na miwani ya mpelelezi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba utamaduni huu una jamaa zake waliofanya kazi ya kweli, na hawatajwi kabisa na hawa wauza mapambo. Mwaka 1991 Phil Zimmermann alitoa bure programu ya usimbaji ya PGP, ili mtu yeyote mwenye kompyuta aweze kusimba barua pepe yake kwa nguvu ambayo hapo awali ilikuwa mikononi mwa majeshi na mabenki. Serikali ya Marekani ilimchunguza kwa tuhuma za kusafirisha nje teknolojia iliyohesabiwa kuwa silaha, na uchunguzi huo ukafungwa bila mashtaka mapema mwaka 1996. Mwaka 1992 Eric Hughes, Timothy May na John Gilmore walianzisha huko California kundi la saifapanki, yaani wanaharakati wa faragha kwa njia ya usimbaji, na mwezi Machi 1993 Hughes akaandika kwamba hatuwezi kutarajia serikali wala mashirika makubwa yatupe faragha kwa hisani yao, kwa hiyo lazima tuijenge wenyewe kwa kuandika programu. Mwezi uliofuata Ikulu ya Marekani ilitangaza chipu ya Clipper, iliyokusudiwa kusimba mazungumzo ya simu huku serikali ikibaki na njia ya kupata ufunguo. Mwaka 1994 Matt Blaze akaonyesha kasoro katika muundo wake, na mpango mzima ukafa kabla muongo haujaisha. Watu hawa walishinda kwa hesabu, kwa kesi mahakamani na kwa ubishi wa kitaalamu. Hawakuhitaji taa za rangi.

Tofauti kati ya kazi hiyo na pambo inapimika. Mwaka 2016 waendeshaji wa Signal, programu ya kutumiana ujumbe uliosimbwa, walipokea amri kutoka baraza kuu la mashtaka la Marekani iliyowataka watoe taarifa za watumiaji, na walichoweza kukabidhi ni tarehe ambayo akaunti ilifunguliwa na tarehe ya mwisho ilipounganishwa na seva. Hawakuwa na kingine, kwa sababu hawakukikusanya. Hicho ndicho kipimo ninachokitaka mimi: siku amri ya mahakama, mdukuzi au mnunuzi mpya wa kampuni atakapofika mlangoni, mna nini cha kumpa? Ile programu iliyonidai kitambulisho ingeweza kumpa namba za marafiki zangu wote, mahali nilipokuwa kila usiku, na, kama ningewatii, uso wangu ukigeuka kushoto na kulia.

Nisiwasahau wale waliokaa upande wa pili, yaani wakali wetu wa usafi. Mgeni akiuliza aanzie wapi, anaambiwa atupe simu, aandike mfumo wake wa uendeshaji, asitumie benki, na akishindwa basi asilie. Mgeni huyo huondoka, na anakoishia ni kwenye mikono ya muuza VPN. Hakuna anayemwambia mambo makavu yasiyo na mvuto: kila akaunti iwe na nywila yake, programu ya kutunza nywila izikumbuke badala yake, uthibitishaji wa hatua mbili, yaani msimbo wa ziada baada ya nywila, uwashwe na usitegemee ujumbe wa SMS pale penye njia nyingine, kwa sababu namba ya simu inaweza kuhamishiwa kwenye laini ya tapeli. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia katika akaunti zipatazo 14,000 za kampuni ya vipimo vya vinasaba ya 23andMe kwa kujaribu tu nywila zilizokwisha kuvuja kwingineko, na kupitia huduma ya kuwatafutia watu jamaa zao wakapata taarifa za watu wapatao milioni 6.9. Wengi wa watu hao hawakuwa wamekosea chochote. Nywila iliyorudiwa na jamaa wa mbali iliwafikia. Hapo hapakuhitajika kijana mwenye miwani myeusi anayeruka juu ya mapaa.

Hata ujanja mkubwa huangushwa na vitu vidogo. John McAfee, mtu aliyejipatia utajiri kwa programu za kuzuia virusi, alipokuwa mafichoni mwezi Desemba 2012 alipigwa picha na wanahabari, na picha hiyo ikachapishwa mtandaoni ikiwa bado imebeba ndani yake vipimo vya mahali: Guatemala. Nayaandika haya kwa sababu naona watu wakipakia picha zao za usiku, mavazi tayari na taa tayari, kwenye tovuti ambazo huhifadhi faili kama ilivyotoka kwenye simu, halafu maelezo chini ya picha yanasema kwamba hawapatikani.

Kwa hiyo wanaozinadi programu hizi naomba waje kwenye uzi huu wakiwa na majibu, na wasije na picha. Programu mnayoisifu inakusanya nini kabla mtumiaji hajagusa mpangilio wowote? Nani amekagua msimbo wake, na ripoti iko wapi? Inalipiwa na nani ikiwa ni ya bure? Akaunti inafutwaje, kwa hatua ngapi, na kwa kudai kitu gani? Anayelipwa kamisheni aseme analipwa kabla ya kuweka kiungo. Fomu ya kitambulisho bado iko wazi kwenye skrini yangu na sitaijaza. Ombi langu la kufutiwa akaunti kupitia barua pepe nimelituma tena leo, safari hii nikiwa nimeunakili mstari mmoja kutoka kwenye sera yao wenyewe, unaoahidi kutodai taarifa zaidi ya zile walizonazo.