Ripoti inasema ziada milioni 18, sheli wamenikatalia dizeli

Mama Wodi, Pemba

Assalaam alaykum jamani. Mie ni muuguzi, miaka 19 wodini, mingi yake wodi ya wazazi. Januari hii nimepewa umeneja wa hospitali yetu, ya binafsi, ndogo, vitanda 34. Kuzalisha nakujua hata taa zikizimika. Hesabu sizijui, na sioni haya tena kusema.

Jumanne iliyopita tulikuwa na kikao cha bodi. Mhasibu kaleta karatasi ya miezi 3: mapato milioni 128, matumizi milioni 110, ziada milioni 18. Wazee wakafurahi, mmoja akaanza kuulizia rangi ya jengo. Mie nikaitikia kwa kichwa kama niliyefahamu. Alkhamisi umeme ukakatika (huu wetu unaotoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari), nikamtuma dereva sheli na madumu mawili. Karudi nayo matupu. "Wamesema mpaka lile deni la mwezi uliopita lilipwe." Na ndani kuna mama yuko mezani anapasuliwa, tangi la jenereta lina dizeli ya saa moja na nusu. Nikatoa pesa mkobani mwangu, ya mchango wa harusi ya mtoto wa dada.

Nilipomuuliza mhasibu hizo milioni 18 ziko wapi, kanijibu, "Hizo za kwenye vitabu, Bi Meneja," akaendelea na chai yake. Karatasi ya pili aliyonipa inasema hivi: benki tulianza mwaka na milioni 21, mwisho wa Machi zimebaki 7. Wadaiwa wametoka milioni 41 wamefika 71, karibu wote ni bima. Dawa na vifaa vya stoo vimetoka milioni 12 vimefika 18. Na ndani ya matumizi mna kitu kinaitwa uchakavu, milioni 4, ambacho sikumbuki kumlipa mtu.

Naibiwa, au sifahamu?

Mzee wa Leja

Waalaykum salaam mwanangu. Huibiwi, angalau si kwa karatasi hii. Nimekaa na leja miaka 31 Unguja, na swali lako madaktari dhamana wengi nimewaona wakilificha mpaka wanastaafu.

Wewe mtu wa Pemba, basi tuchukue karafuu. Umechuma, wachumaji umewalipa kila jioni kwa pishi zao, karafuu ziko juani kwenye majamvi. Jirani akipita anaona utajiri. Lakini mtume mtoto dukani akachukue unga, mwenye duka atauliza pesa, hatouliza jamvi. Mhasibu wako anaandika mapato siku mgonjwa anapotibiwa, si siku bima inapolipa. Hayo ndiyo yaliyo jamvini.

Sasa shika kalamu. Anza na ziada, 18. Rudisha 4 za uchakavu, yaani thamani ya vifaa inayopungua kwa kutumika, maana hakuna pesa iliyotoka. Kama mashine yenu ya altrasaundi ilinunuliwa kwa milioni 40 na mnatarajia miaka 8, vitabu vinakula milioni 5 kila mwaka, ingawa pesa yenyewe ilitoka mara moja, siku mlipoinunua. Umefika 22. Toa 30, ndiyo nyongeza ya wadaiwa: kazi mmefanya, hamjalipwa. Tayari uko chini kwa 8. Toa na 6 zilizogeuka dawa kwenye rafu, umepungukiwa 14. Benki mlianza na 21. Ishirini na moja ukitoa kumi na nne? Saba. Mhasibu wako hana kosa ila chai.

Mie kinachonitisha ni hizo 71. Bima mnawaandikia kiasi gani kwa mwezi? Ikiwa ni kama milioni 24, basi mnangoja karibu miezi 3, na mishahara haingoji hata siku 3. Lakini kabla hujawalaumu bima, waulize watu wako fomu ngapi zimekwama na kwa nini. Kwetu nyingi zilikuwa zikirudi kwa upuuzi: saini ya daktari haipo, namba ya kadi imekosa tarakimu, maradhi yaliyoandikwa ni malaria na dawa ni ya presha. Hayo hayatengenezwi na mhasibu. Yanatengenezwa wodini.

Na dizeli usiiweke kwenye fungu la dharura. Unguja tulikaa gizani karibu miezi 3, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, na fungu tuliloliita la dharura likawa ndilo la kila siku. Dizeli, mishahara na ulinzi unalipa awe mgonjwa 1 au 30. Glavu na nyuzi zinakwenda na idadi ya wagonjwa. Zitenge hizo mbili, utajua wagonjwa wangapi kwa mwezi ndio wanaotosha kurudisha gharama zako.

Kijana wa Mkoani

Dada pandisha bei tu, mambo yaishe.

Mzee wa Leja

Wapi, bwana mdogo? Kisiwa ambacho matibabu ya serikali yalitangazwa bure tangu 1965, jirani yako wa hospitali hatozi. Ukipandisha, mgonjwa anakwenda zake. Na Bi Meneja, najua wauguzi mnasamehe watu mlangoni. Sameheni, ni thawabu, lakini iandikeni kama msamaha, kwa kiasi chake. Isipoandikwa inaonekana mgonjwa hakuja kabisa, na glavu zimeliwa na panya.

Bi Stoo

Hizo milioni 6 za rafu msizipite haraka hivyo. Tafadhali ingia stoo mwenyewe, usitume mtu, utazame tarehe za nyuma ya maboksi. Sisi tulinunua katoni za dripu kwa bei rahisi mno, tukajiona wajanja, tukazichoma nusu kwa kuisha muda.

Mama Wodi, Pemba

Ahsanteni sana. Mzee wangu, nimeifanya ile hesabu mbele ya mhasibu, tumefika 7 pamoja, kanimiminia na mie kikombe.

Stoo bado, Bi Stoo, kesho inshaallah. Nimeanza kwa karani wa bima. Droo ya chini, chini ya mswala wake, nimekuta bunda la fomu 143 limefungwa kwa mpira. Za tangu Disemba. Bima hawajazirudisha, kwa sababu hazijapelekwa. Jumla milioni 6 na laki 4. Nyingi zinasubiri saini ya daktari mmoja aliyekwenda Unguja kumuuguza mamake, na karani kaona haya kumpigia.

Tisa zina mwandiko wangu mwenyewe, wa zamu za usiku. Kisanduku cha namba ya kadi nimekiacha kitupu.

Daktari anashuka Mkoani Jumamosi na boti. Nitakuwa bandarini na bunda langu na kalamu mbili, moja isije ikagoma.