Dar hadi Mwanza kwa ndege: tupeane uzoefu wa muda halisi

Wakuu, heshima kwenu. Ndugu zangu wanaopanga safari ya kwanza huniuliza Dar–Mwanza ni muda gani kwa ndege. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 850, wakati basi linalopita Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga linatembea zaidi ya 1,100. Jeti hukaa angani saa moja na dakika 20 hivi. Ndege ya pangaboi kama Bombadia Q400 inakaribia saa mbili. Lakini hayo ni ya angani tu. Mimi nakaa Mbagala, na foleni ya kufika uwanja wa ndege kule Kipawa naihesabu kuwa safari. Wewe ulitokea wapi, na ulitumia muda gani mpaka kufika ulikokwenda?

Mama Buswelu: Niliitwa usiku kwamba baba kalazwa Muhimbili. Basi lingenichukua siku nzima. Nilipata ndege ya alfajiri, na kwa kuwa uwanja wa Mwanza uko huku kwetu Ilemela, nilifika haraka. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimemshika mkono baba wodini. Nauli ya kukata tiketi siku hiyohiyo inauma sana, lakini kwa mgonjwa ningelipa tena.

Kijana wa Kirumba: Pole mama, mzee anaendeleaje? Niongeze kitu ambacho wengi hawakijui: muda wa kwenye tiketi unaanza ndege inapoondoka kwenye maegesho, unaisha inaposimama kwenye maegesho upande wa pili. Ndiyo maana tiketi inaonyesha dakika nyingi kuliko zile mlizokaa angani.

Mama Buswelu: Anaendelea vizuri mwanangu, Mungu ni mwema.

Mhaya wa Tegeta: Sisi wa Bukoba tuna habari yetu. Ndege niliyopanda ilitua Mwanza kwanza, abiria wakashuka, wengine wakapanda, ndipo tukavuka ziwa. Mwanza–Bukoba ni kama kilomita 175 tu kwa anga. Lakini mawingu yalikuwa mazito, rubani akageuza, tukarudi Mwanza kusubiri. Namshukuru kwa uamuzi ule. Watu walinung'unika, ila kwangu kuchelewa si hasara pale hali ya hewa inapokataa. Kwa hiyo ukiwa na msiba au kikao Bukoba, usipange kufika saa ileile ya tukio, nenda jana yake. Njia ya barabara ya Mwanza–Bukoba nayo imekuwa nafuu: tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, kivuko hakitusubirishi tena.

Dada wa Goba: Natoka Goba na mtoto mchanga, ndege saa moja asubuhi. Niondoke nyumbani saa ngapi?

Kijana wa Kirumba: Saa kumi alfajiri, dada. Barabara ni nyeupe muda huo, na utapata nafasi ya kumnyonyesha kabla ya kupanda.