Nyanya huomba sauti ya tangazo izimwe. Nimsomee nini baada ya Peponi?

BinLangoni, Lamu
Assalaam alaikum jamani. Kila usiku baada ya isha namsomea nyanya yangu kitabu uani, yeye kitandani, mimi mkekani. Ana mtoto wa jicho, na hata zamani herufi alizozisoma ni za Kiarabu. Sasa tuko kwenye Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Aliitoa kwa Kiingereza mwaka 1994, na Kiswahili chake, kazi ya Ida Hadjivayanis, kikatoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobeli. Tulipofika pale Yusuf, mtoto wa miaka 12, anapoambiwa kuwa tajiri Aziz si jamaa yake hata kidogo, kwamba yeye ni rehani ya deni la babake, nyanya aliinua mkono. "Regea hapo." Nikarudia mara tatu.

Linaloniuma ni runinga. Tunaiwasha kwa taarifa ya habari, yakija matangazo ya biashara mtu wa Pwani ni yule yule: kanzu, kofia, kajilaza barazani, anavuta maneno mpaka yanakatika, anasifu mchele au mafuta ya kupikia. Amu nzima simjui mtu asemaye hivyo. Nyanya huomba sauti izimwe. Juzi akaniuliza, "Hawa wamsikiye nani?" Sikuwa na jibu.

Kitabu kimebaki kurasa chache. Nimsomee nini baadaye? Au kuna filamu ya Kiswahili ambayo mtu mzima kama yeye ataikalia mpaka mwisho?

Bint_Shela
Waalaikum salaam. Utendi wa Mwanakupona, lakini usimsomee wewe. Mwambie akusomee yeye. Ule ni wa 1858, mama mgonjwa anamuusia bintiye, na wanawake wengi wa umri wa nyanyako waliupokea kwa masikio, si kwa karatasi. Marehemu mamangu alikuwa akiusoma huku anakuna nazi. Sikuwahi kuuandika kutoka kinywani mwake, na hilo najuta hadi leo. Shika kalamu mapema.

Kaskazi, Malindi
Kwa filamu, mtafutie Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018. Mtoto anaitwa Jo, ni mgonjwa wa kufa, anatamani kuwa shujaa wa sinema, na kijiji kizima kinakusanyika kumtengenezea filamu yake. Kiswahili chake ni cha bara, si chetu, ila wanaokisema hawamwigizi mtu. Mamangu aliitazama kwenye simu yangu mpaka mwisho, kisha akaenda kuswali bila kusema neno.

Kuhusu matangazo, nina la kukiri. Miaka iliyopita niliitwa kurekodi tangazo la redio. Nikasema kama ninavyosema nyumbani. Wakaniambia, "Vuta zaidi, mtu wa Pwani huvuta." Nikavuta, mara nne, mpaka wakaridhika. Nilikuwa na karo ya mtoto ya kulipa. Likipita redioni nilikuwa nabadilisha stesheni kabla wanangu hawajalisikia. Mwambie nyanya hawakumsikia mtu. Walikuwa na sauti yao tayari, sisi tukaitwa kuijaza.

BinLangoni, Lamu
Ndugu wa Malindi, nimemfikishia maneno yako kama yalivyo. Alinyamaza kitambo, akauliza huyo mtoto karo yake ililipwa? Nijibu nimpelekee.

Bint Shela, Mungu akulipe. Jana sikufungua kitabu. Nilimwomba Mwanakupona, akasema amesahau, halafu akaanza. Nimeandika beti 31 kwenye daftari la hesabu la mdogo wangu. Kwenye ya 32 alikwama, akawa anarudia mstari wa kwanza tu, na mimi nimeinua kalamu nangoja. Mama akamalizia kutoka jikoni. Miaka yote hii sikujua kuwa naye anaujua.

Kaskazi, Malindi
Ililipwa. Sasa yuko kidato cha tatu. Msalimie sana nyanya.